Mimi Njo Nilipima

Faida mwanangu,

Sikuanzii na salamu. Nimekasirika, na mtu mwenye hasira akianza na salamu huwa anadanganya. Habari za kufunga masanduku, za kutokaa ukingoni mwa boti, za nani atakupokea Moba na utalala kwa nani, mama yako amekwisha kukuambia tangu juma lililopita, na atakuambia tena kesho mpaka injini iwake. Mimi sina la kuongeza hapo. Ni saa nane mchana, ninyi wawili mko sokoni, na mimi nimekaa hapa atelye, karakanani kwetu, karatasi iko juu ya meza ya kazi kati ya maranda, naandika kwa ile penseli nene ya kuchorea mbao kwa sababu biki zote umezipakia.

Hasira yangu ina watu watatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Bwana Kalunga. Wa tatu ni wewe. Usishangae, nitafika huko.

Mengi ya haya unayajua, ulikuwapo. Lakini hujayasikia kutoka kwangu, na mimi ndiye niliyekosa.

Ilikuwa kiangazi kilichopita. Bwana Kalunga, yule mfanyabiashara wa simenti, alikuwa anamalizia nyumba yake kule kilimani, akatuita. Ubavuni mwa chumba chake cha kulala alikuwa ameacha chumba kidogo kisicho na dirisha, mita tatu kwa mbili na nusu. Mimi nilimwuliza kama ni choo. Akacheka sana. Akasema ile ni dresingi, chumba ambacho kazi yake ni nguo tu: unaingia ndani kwa miguu yako, nguo zimekuzunguka pande tatu, unachagua, unatoka. Alikuwa ameiona moja Lubumbashi, na picha yake alikuwa nayo kwenye simu. Alitaka mbao za kupangia nguo zifike mpaka plafoni, darini kabisa, na chuma cha kutundikia kiwe juu kabisa, "ili zining'inie kama mu magazini," yaani dukani. Kila alichosema nilijibu, "Ndiyo, patro," kama mtu anavyomjibu tajiri wake. Nilikuwa nasema ndiyo kabla hajafunga kinywa.

Wewe ulikuwa umeshika ncha ya mita upande wa pili. Ukauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mama Odeta yuko wapi?"

"Bibi yangu? Yuko mu jiko. Unamutakia nini?"

"Si yeye atapanga nguo humu kila siku?"

Nilikukunjia uso. Ukaenda jikoni hata hivyo. Mkatoka huko mkaingia chumba walichokuwa wanalala kwa muda, mkakaa sana, nikisikia mnafungua masanduku, mnacheka. Uliporudi ulikuwa na karatasi. Mimi hiyo karatasi ninaikumbuka kuliko cheti changu cha ubatizo.

Ulikuwa umemwambia yule mama atoe kila nguo aliyo nayo, aitandike kitandani, halafu ukahesabu. Bikwembe, vile vitenge vya kukunjwa. Malibaya, blauzi za kushona. Magauni marefu ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Sare ya kwaya. Nguo za matanga, ambazo alitaka zikae peke yake. Viatu. Suti za bwana. Masanduku ya safari. Halafu ulimsimamisha ukutani, ukamwambia anyooshe mkono juu, ukapima kutoka sakafuni mpaka ncha ya vidole. Mita moja na sentimita themanini na tano. Mama Odeta ni mfupi, na hilo kila mtu hapa Kalemie aliliona isipokuwa mumewe na mimi.

Baada ya kupima, ukachora. Suti na malibaya, nguo fupi, upande mmoja, vyuma viwili kimoja juu ya kingine, ili nafasi isipotee bure. Magauni marefu kwenye kona, chuma kimoja. Bikwembe kwenye mbao nyembamba zilizokaribiana, kwa sababu rundo likipanda sana, ukivuta cha chini yote yanaanguka. Saraka za nguo ndogo chini ya kiuno, mtu asiingize mkono bila kuona. Juu kabisa masanduku peke yake, kwa sababu yanashuka mara moja kwa mwaka. Hakuna ubao unaopita sentimita themanini bila mguu wa kuushika katikati. Vidole viwili vya nafasi kati ya kabati na ukuta wa nyuma, kwa sababu ukuta ule umeegemea mlima na wakati wa mvua unatoka jasho. Na mlango uwe wa vipande vya mbao vilivyoachana kidogo, chumba kipumue.

Mbao nimezianza kabla hujazaliwa, na mpango mzuri kuliko ule sijawahi kuuchora.

Bwana Kalunga akauliza, "Hii karatasi ni ya nini?"

Nikaichukua mkononi mwako, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni. Nikasema, "Watoto wa siku hizi, patro. Wanapenda kuchora." Tukacheka wote wawili, yeye na mimi. Wewe ulinitazama. Sikukutazama.

Tukatengeneza alivyotaka. Mbao za mita moja na sentimita sitini, nzima, bila mguu katikati, kwa sababu alisema miguu inaharibu uzuri. Nilijua, Faida. Sitaki uende Moba ukifikiri baba yako ni mjinga. Mjinga anasameheka. Nilijua ya kwamba ubao wa urefu ule ukibebeshwa bikwembe utapinda kama kitanda cha kamba, na misumari ya ukutani itaanza kutoka pole pole. Siku ya mwisho, ukipaka vernisi, uliniambia, "Papa, tuweke hata mguu mumoja tu." Nikakujibu, "Funga kinywa. Hii ni kazi ya wakubwa."

Ile "ndiyo, patro" niliipata wapi? Si ya kuzaliwa nayo. Wewe ulikuwa mdogo wakati ziwa lilipopanda, likala ile atelye yetu ya kwanza kule chini. Niliona randa zangu zinaelea pamoja na viatu vya jirani. Tulipohamia huku juu, watu waliokuwa bado wanajenga walikuwa wa kilimani tu, na mimi nikajifunza kuwajibu kama mtu anayeshika kamba majini. Maji yalirudi nyuma. Mimi sikuachia kamba. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia ili ujue hofu inavyofanya kazi: inakusaidia mwaka mmoja, halafu inakaa nyumbani kwako kama mgeni asiyeaga, mwisho yeye ndiye anayefungua mlango watu wakibisha.

Mvua zikaja. Jumamosi ya arusi ya binti ya kaka yake, Mama Odeta aliingia mle kutafuta kikwembe cha sare ya ukoo. Kilikuwa kule juu ambako mkono wake haufiki. Akafanya anachofanya kila mwanamke mfupi ndani ya nyumba iliyopimwa na wanaume: akapanda. Aliweka mguu kwenye ubao wa chini. Ubao ukang'oka ukutani, ule wa juu ukafuata, akaanguka na kila kitu kikamfunika. Walimkuta chini ya nguo zake mwenyewe, mkono umevunjika mahali pawili.

Siku mbili baadaye Bwana Kalunga alifika hapa. Asubuhi, barabara imejaa. Fundi wa baiskeli alikuwa anatazama, mama wa mikate alikuwa anatazama, wanafunzi wakasimama. Hakuingia hata ndani. Akapiga kelele kutoka barabarani:

"Nani alipima ile kitu?"

Nami nikasema, "Mutoto njo alipima."

Maneno matatu, kosa lote juu yako. Nilitazama mikono yangu wakati wa kuyasema, nikaona imeshika patasi, na patasi haitetemeki. Ningetaka itetemeke walau kidogo.

"Mwanamuke na misumari!" akasema. "Mulishaona wapi?" Watu wakacheka. Wewe ulikuwa pale mlangoni na msasa mkononi. Ukaweka msasa chini, ukavua aproni, ukaikunja vizuri, ukaingia nyumbani.

Juma lile lile masista wakatuma mtu kusema ile kazi ya kabati la mavazi ya misa, ambayo walikuwa wamekupa wewe kwa jina lako, watampa fundi mwingine. Walisema tu, "Tulisikia." Kazi yako ya kwanza. Ulikuwa umekwisha kuchagua mbao, muvula mkavu, ukazipanga pale ukutani kama mtu anayepanga vyombo vya mgeni.

Sasa nakuja kwako.

Kesho yake, baada ya kelele zile za barabarani, uliamka, ukanisalimu, "Jambo, Papa." Na siku iliyofuata. Na kila siku miezi hii yote. Uliniletea maji ya kunawa. Uliniletea ugali na ndagala, ukakaa, ukauliza kama chumvi inatosha. Hukuniambia neno moja. Halafu siku moja ukaja na barua ya shule ya ufundi ya Moba, umeandika maombi mwenyewe, wamekukubali mwenyewe, ukasema, "Naenda." Hilo tu. Nimekasirika nawe kwa sababu hukunipigia kelele. Ungetupa nyundo. Ungesimama katikati ya barabara ile ile ukasema, "Papa yangu ni muongo!" Ningeweza kukujibu, hata kukupiga kofi, Mungu anisamehe, lakini tungekuwa watu wawili ndani ya nyumba moja. Wewe ulinipa heshima, na mtu anayekuheshimu huwezi kugombana naye.

Ndipo nikajiuliza kunyamaza kule ulikupata wapi, na jibu nikalikuta jikoni kwetu.

Unakijua kile kibao cha sufuria nilichopigilia juu ya dirisha tulipohamia. Mwezi uliopita niliingia kutafuta kiberiti, nikamkuta mama yako amesimama juu ya ndoo aliyoigeuza, anavuta sufuria kwa ncha ya mwiko.

Nikamuuliza, "Unapanda ndoo tangu lini?"

"Tangu siku ulipopigilia hiki kibao."

"Sababu gani hukusema?"

Akashuka, akanitazama kama mtu anayetazama mvua. "Nilisema. Ulinijibu, fundi ni nani humu ndani, mimi ao wewe?"

Sikukumbuka. Ndilo lililoniumiza zaidi, sikukumbuka hata kidogo. Kwangu lilikuwa neno la kupita, kwake lilikuwa ndoo ya kila siku. Nilikishusha kibao jioni ile ile, nikampima mkono wake kwanza. Nilikuwa sijawahi kuujua urefu wa mkono wa mke wangu. Alicheka, halafu akaanza kulia, nami nikakasirika zaidi kwa sababu nilitaka acheke tu, jambo liishe. Ona ubaya wangu.

Kwa hiyo sina haki ya kukulaumu. Mama yako alisema, akanyamazishwa, wewe ulikua unatazama. Lakini hasira haiombi haki. Nataka uende nayo Moba hii hasira yangu, uitumie. Kule nako watakuja watu wenye picha kwenye simu. Wewe uliza tu ulichouliza hapa: nani atatumia? Amuru nguo zote zitolewe, zitandikwe kitandani, kabla hujagusa mbao. Na mwenye mali akikataa mguu wa katikati, iache kazi. Mimi sikuiacha, nami miezi hii yote nimekuwa na njaa isiyo ya chakula.

Jana nilipanda kilimani.

Bwana Kalunga alikuwa barazani, anakunywa chai. "Fundi! Umekuja kutengeneza?"

"Nimekuja kusema. Mutoto hakupima ile kazi. Mimi njo nilipima. Yeye alipima vizuri, nikatia karatasi yake mufukoni, mbele yako."

Akaweka kikombe chini. "Mambo yalishapita hayo. Unaniletea tena ya nini?"

"Kwako yalipita. Kwake hayajapita."

"Unataka kusema kosa ni langu?"

"La sisi wawili. Wewe uliomba kitu kibaya, mimi nikakuambia ndiyo."

Alisimama. Alinitukana matusi ambayo sitayaandika, na akaapa hakuna mlango wa kilimani utakaofunguliwa kwangu tena. Nakuambia ukweli: nilikaribia kusema samahani, patro. Lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi.

Akatoka Mama Odeta. Mkono ule bado haunyooki vizuri. Hakunisalimu. Akasema, "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza."

Mumewe akamwambia aingie ndani. Hakuingia.

"Ule mutoto alinisimamisha ukutani, akapima mupaka ncha ya vidole vyangu. Muntu kama ule anaweza kutia chuma kule juu? Nilikuambia kule hospitali, bwana yangu. Mukono unaniuma, nikakuambia, si kosa la mutoto. Ulinijibu nini?"

Bwana Kalunga akachukua tena kikombe chake.

"Uliniambia ninyamaze, nisiaibishe nyumba yako." Halafu akanigeukia. "Ile karatasi iko wapi?"

Nilikuwa nayo. Nimeibeba tangu siku ile, imechakaa kwenye mikunjo. Nikampa. Akaifungua kwa mkono mmoja na meno, akaitazama muda mrefu. Akasema chumba kile kitatengenezwa hivi, na yeye mwenyewe ndiye atakayemtafuta fundi, na fundi huyo si mimi. Nikasema ni sawa. Ni sawa kweli. Nilishuka mlima bila kazi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zile nilisikia njaa ya kawaida ya kula.

Kutoka pale nilipita kwa masista, nikawaambia vilevile. Kabati lao limekwisha kufanywa na mtu mwingine, halirudi. Sista mkubwa aliandika jina lako kwenye daftari, sijui kwa nini, sikuuliza. Sitakuahidi kitu ambacho sikukisikia.

Halafu nikarudi hapa, nikasimama barabarani, pale alipokuwa amesimama Bwana Kalunga, nikawaambia waliocheka. Fundi wa baiskeli alikohoa, akaendelea kujaza upepo. Mama wa mikate ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono kwenye kikwembe chake, akaniuliza:

"Na Faida? Alisema nini ulipomuambia?"

Nikamwuliza bei ya mkate.

"Papa Faida! Umezunguka muji muzima. Hujamuambia yeye?"

Nilikuwa sijakuambia. Leo wakati wa chakula nilijaribu. Ulikuwa mbele yangu, mama yako amekwenda kuchukua maji, tulikuwa wawili tu. Nikafungua kinywa, nikakuomba unisogezee pilipili. Ukanisogezea.

Ndiyo maana naandika. Na nilipoanza, mpango wangu ulikuwa kuificha barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya nguo, uikute Moba, maji mengi yakiwa kati yetu. Sasa nimefika hapa, nimeisoma tokea juu, naona ni uoga ule ule umevaa shati jipya. Aliyesema uongo barabarani kwa sauti hawezi kutubu ndani ya sanduku.

Basi haitasafiri. Mkirudi sokoni nitakupa mkononi, hapa hapa mbele ya atelye, na utaisoma nikiwa nimesimama mbele yako. Usiniambie "Jambo, Papa." Usiniulize kama nimekula. Ukimaliza kusoma, sema yote uliyoyakalia miezi hii, kwa sauti yoyote, mbele ya wote hawa. Usinisamehe upesi kwa sababu ya safari. Kesho bandarini watu wote wanalia na wote wanasameheana, na msamaha ule ni wa upepo. Mimi nitasikiliza. Nikianza kujitetea, nikatize.

Nawaona mnakuja. Mama yako amebeba kapu kichwani, wewe umebeba mkeka. Umesimama kununua mikate, na yule mama anakuambia kitu, ananyoosha kidole huku kwangu.

Umegeuka unanitazama. Naweka penseli.

Papa yako